Kuku Aliyelalia Ndani ya Pamba

Juzi kijana mmoja wa hapa Bariadi alinitumia picha kwenye simu. Kuku kajibanza ndani ya ndoo ya plastiki, kavimba, manyoya yote yamesimama. Chini ya picha ameandika: "Mama, huyu hataki kutoka humu tangu juzi. Akiguswa ananguruma. Anaumwa nini? Nimpe dawa gani?"

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Haumwi, mwanangu. Anataka watoto.

Halafu nikaacha kucheka. Huyu kijana angejulia wapi? Vifaranga vyake vya kwanza vilikuja na basi, ndani ya boksi lenye matundu, vimetoka kwenye mashine na havijawahi kumwona mama. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wenzake mnaofuga kuku nyuma ya nyumba, mpate kujua mle ndani ya ndoo mlikuwa na nini.

Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo katika mkoa huu mpaka nikastaafu. Nilianzia Nassa, kule ziwani, nikamalizia Itilima. Mimi ni mwanamke, lakini vijijini jina la kazi lilikuwa Bwana Mifugo na hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha. Watoto walikuwa wakitangulia mbele ya pikipiki yangu wakitangaza: "Bwana Mifugo kaja, kavaa kitenge." Na watu wakinisikia nimefanya kazi Usukumani hudhani nitawasimulia habari za ng'ombe. Ng'ombe nawaheshimu, lakini mnyama aliyenishughulisha akili kuliko wote ni kuku anayelalia mayai. Ng'ombe nilimaliza kumwelewa. Huyu bado.

Aliyenipokea kazini Nassa alikuwa mzee Bundala, mtaalamu wa siku nyingi, mtu mfupi na mkali, aliyependa kuku kwa namna ambayo asingeikiri mbele ya wenye ng'ombe. Siku za mwanzo tuliitwa kwa mama mmoja aliyesema kuku wake amerogwa. Nikafungua begi nitoe dawa. Mzee Bundala akanishika mkono.

"Funga begi. Ingiza mkono chini ya tumbo lake."

Nikaingiza. Kuku akanidonoa, nikautoa.

"Rudisha."

Nikarudisha, na safari hii nikavumilia. Pale chini nilikuta ngozi tupu, ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Kuku alikuwa amejinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi yake iguse mayai. Nikauliza amejuaje kwamba manyoya yanazuia joto, nani kamfundisha? Mzee Bundala akasema, "Mimi huwa namuuliza kila mwaka, hajanijibu. Ukimpata wa kukujibu, niite."

Basi hiyo ndiyo dalili yenu. Anavimba, ananguruma, anarudi palepale ukimtoa, na kifua kiko wazi, kina moto. Akiwa hivyo, usimpe dawa. Akiwa amejikunja lakini hana ugomvi, macho yamefumba na mavi ni ya kijani, huyo ndiye mgonjwa, na hapo uwahi.

Mwamanyili nilimkuta kuku amelalia betri kuukuu za redio. Mwenye nyumba alikuwa amekusanya mayai yote akayapika. Kuku aliporudi akakuta betri zimeanikwa juani zipate nguvu, akazibiringisha kwa mdomo mpaka kwenye kiota chake, akakaa juu yake kwa heshima zote. Nilikaa pale mchana ule muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, kwa sababu nilitaka kujua kama atazigeuza kama anavyogeuza mayai. Alizigeuza. Nikazihamisha hatua chache pembeni nione kama atazifuata. Hakuzifuata, alirudi kukaa pale pale penye kiota, juu ya udongo mtupu. Kumbe hang'ang'anii mayai, anang'ang'ania mahali. Mtoto wa nyumba ile aliniuliza kama betri zitaangua redio ndogo ndogo.

Sasa swali mnaloniuliza kila siku: umwache atotoe, au umkatishe? Watu huuliza kama vile jibu liko kwa kuku. Haliko kwake, yeye alishaamua. Jibu liko kwako. Una jogoo? Hapa hapa mjini kuna mtu alimlalisha kuku wake juu ya mayai ya dukani, ya kuku wa kisasa wasiojua jogoo ni kitu gani, akasubiri kwa imani mpaka nyumba ikanuka. Utavilisha nini hivyo vifaranga? Mama zetu walitega mchwa: chungu kinajazwa mabua na samadi kavu, kinafunikwa kifudifudi juu ya kichuguu jioni, asubuhi kimejaa nyama ya vifaranga. Na ni msimu gani? Kiangazi kinapokolea na upepo wake wa vumbi, kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda zima, nacho hupiga hodi. Kideri hakina tiba. Kina chanjo tu, tone moja jichoni, kwa jogoo mzima sawasawa na kwa kifaranga, na tone hilo linatakiwa lifike kabla ya ugonjwa.

Ukiona hapana, mkatishe kwa adabu. Nimeona kuku akizamishwa kwenye ndoo ya maji, nimeona akifungwa kitambaa mkiani akimbie mpaka achanganyikiwe, nimeona akichomekwa unyoya puani. Huo wa puani sitaki hata kuusikia. Mzee Bundala alitumia tenga. Unamweka kuku ndani, unalining'iniza kivulini, chakula na maji vikiwemo, upepo unapita chini ya tumbo lake. Kifua kikipoa, hamu nayo inapoa. Baada ya siku mbili tatu anashuka kama mtu aliyeamka usingizini, na hakawii kutaga tena.

Na kiota, jamani, msiweke pamba. Hili kosa ni letu sisi watu wa huku, kwa sababu pamba tunayo na mkono unaikimbilia. Nilipokuwa mgeni kazini nilimshauri mama mmoja ajaze kiota pamba, vifaranga vizaliwe kwenye godoro. Nyuzi zikavizonga miguuni, tukashinda mchana kutwa na wembe tukivifungua kimoja kimoja. Mzee Bundala aliposikia alisema nimevumbua pingu za kuku. Weka udongo mkavu chini, nyasi juu yake, na majivu kidogo kuzuia utitiri.

Haya yote nilikuwa nayasema kwa mdomo mwepesi, kwa sababu kuku hawakuwa wangu. Mpaka siku niliyokwenda Migato.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho mwisho kazini. Kideri kilikuwa kimepita kijijini, nami nikaenda na chanjo kwa wenye kuku waliobaki na pole kwa wengine. Kaya ya mzee Masunga na mkewe, mama Shija, ilikuwa imepigwa vibaya. Kuku wote walikufa, jogoo akiwa wa mwisho. Akabaki koo mmoja tu, kuku jike mwenye madoa ya kanga. Ugonjwa ulipoingia, yeye alikuwa chumbani, amelalia mayai yake katikati ya lundo la pamba iliyokuwa ikisubiri kwenda kupimwa na kuuzwa. Alikuwa akitoka mara moja kwa siku, anakunywa, anadonoa, anarudi kujichimbia. Kama aliokolewa na kule kujificha au ana damu ngumu tu, sijui mpaka leo, na ningependa kujua.

"Mwadila, mayu," mzee Masunga alinisalimu Kisukuma kama mtu anayemwamkia mama yake, akanitolea kiti chenye mgongo.

Mama Shija ndiye aliyenipeleka chumbani. Pamba ilikuwa imefika karibu na dirisha, nyeupe, na ndani yake kuku katokeza kichwa na mkia.

"Mbegu hii nilitoka nayo kwa mama yangu nilipoolewa," alisema. "Mama hayupo tena. Huyu akienda, sina kitu cha mama kinachotembea."

Nikafunga dirisha la mbao, chumba kikawa na giza la kutosha. Nikachukua yai, nikalishika kwenye tundu la ngumi, nikawasha taa ya simu chini yake. Wakati mwingine unakuta maji matupu, na kweli machache yalikuwa hivyo. Lakini mengi yalikuwa na mishipa myembamba imesambaa kama mizizi ya mche, na katikati kitu cheusi kinachezacheza. Nimeangalia mayai maisha yangu yote, na kila mara nikiona kile kinachocheza nasahau nilichokuwa nataka kusema.

Nikampa mama Shija aangalie. Aliligeuza yai kwenye mwanga. Kisha akauliza, "Baba yao si amekufa?"

"Amekufa. Ila kazi yake alishaimaliza."

Akajifunika mdomo kwa kanga akacheka, na nadhani kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu kideri kiingie.

Tulipotoka nje tukamkuta mzee Masunga ananoa kisu. Maji yalikuwa yameshawekwa motoni.

Nyie ni wa huku, mnaelewa. Mgeni aliyekuja na pole haondoki amekula mboga za majani. Kuku wa mgeni si kitoweo tu, ni namna ya nyumba kusema kwamba bado ni nyumba.

"Baba Shija," mkewe alisema taratibu, "kuku ni mmoja."

"Najua ni mmoja. Ndiyo maana mgeni atajua tumempa tulichonacho."

"Ana mayai. Mayai ni mazima, tumeyaangalia."

"Na pamba inaondoka kesho, ni siku ya mwisho ya kupima. Yule kuku lazima atoke pale. Kama ni kutoka, atoke leo, atutoe aibu."

Mama Shija angeongeza nini mbele ya mgeni? Alisimama mlangoni mwa jiko akiangalia chini, na mimi niliumia, kwa sababu kisu kile kilikuwa kinanolewa kwa ajili yangu.

Kukataa nisingeweza. Niliwahi kukataa kuku kwenye kaya moja Busega nikidhani natenda wema, na watu wale hawakunisalimia tena mpaka nahamishwa. Nikafikiri haraka.

"Mzee," nikauliza, "huyo kuku mmenipa?"

"Tumekupa, mayu. Ni wako."

"Wangu kabisa?"

"Wako kabisa."

"Wabeja sana, nashukuru. Basi kama ni wangu, naomba nimwekeshe hapa kwenu. Mimi nimepanga mjini, sina pa kumweka. Mnitunzie kama watu wanavyotunziana ng'ombe."

Kisu kikasimama juu ya jiwe. Tangu mababu, mtu mwenye ng'ombe huwekesha baadhi kwa rafiki, mtunzaji anakunywa maziwa, na siku ikifika anapewa ndama wake. Hakuna mzee wa Kisukuma anayeweza kusema hajui jambo hilo. Mzee Masunga alitafuta pa kunishika.

"Kuku hawekeshwi," alisema.

"Kwa nini?"

"Haijawahi kutokea."

"Hata ng'ombe wa kwanza kuwekeshwa, ilikuwa haijawahi kutokea."

Akanitazama, akamtazama mkewe, akacheka kwa pua na kukirudisha kisu ndani. Lakini aibu haikumtoka. Nilikula ugali kwa mlenda, na yeye hakunawa. Alikaa pembeni akiangalia kila tonge ninalomeza kama vile kila tonge linamsema.

Hapo ndipo nilipokutana na swali lenu uso kwa uso. Kuku sasa alikuwa wangu. Kitaalamu nilijua la kusema, nilishalisema kwenye mikutano mingi: kideri kikipita, acha ua ukae bila kuku, safisha, kisha anza upya na wengine waliochanjwa. Usitotoleshe mahali ambapo ugonjwa bado uko kwenye vumbi. Angekuwa kuku wa mtu mwingine ningesema hivyo na kupanda pikipiki yangu. Lakini nilikuwa nimeshakiona kile kinachocheza. Nikagundua kwamba "anza upya" ni ushauri mzuri kwa mtu anayetaka kuku, na mama Shija hakuwa anataka kuku. Alikuwa anawataka hawa. Ninyi mtakaoulizwa baada yangu, jueni kwanza mnayemjibu ni yupi kati ya hao wawili.

"Wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi ni mtunzaji tu," alisema, na macho yakamcheka. "Mwenye mali ni wewe."

Niliogopa, niwaambie kweli. Nilijua vifaranga vinaweza kutoka leo na kufa wiki ijayo, na mama huyu akazika kitu cha mama yake mara ya pili, safari hii kwa ushauri wangu. Hata hivyo nikasema atotoe. Nikasema pamba ikiondoka, chumba kile kifagiliwe, chokaa imwagwe mlangoni, kuku akae humo humo na vifaranga vyake, na asiingie mtu na viatu vya uani mpaka nilete chanjo.

Likabaki suala la kumhamisha, maana pamba ilikuwa inaondoka kesho yake, na nisingeruhusu pingu tena. Nikaomba karai bovu, tukaweka udongo na nyasi, tukapanga mayai. Jua lilipozama tukambeba kuku na karai lake mpaka pembe ya jikoni akae huko pamba ikitolewa, mahali pazuri, penye joto na utulivu. Alikaa kidogo tu. Kisha akashuka, akatembea bila haraka, akarudi chumbani na kukaa kwenye pamba, juu ya shimo tupu. Mama Shija akashika kichwa. Mimi nikakumbuka zile betri. Tukachukua karai, tukalizamisha pale pale kwenye shimo lake katikati ya lundo, na yeye akapanda, akavuta mayai moja moja chini ya kifua na kunguruma kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Nililala hapo kwao, na kulipokucha mzee Masunga alikuja na magunia. Alitoa pamba kuanzia ukutani, kwa mikono, akizunguka. Lundo likawa linashuka taratibu na kuku yuko palepale ndani ya karai, anamfuata kwa jicho moja.

"Ananiona mwizi," mzee alisema.

Gunia la mwisho alilijaza akiwa amepiga magoti, akichambua nyuzi zilizoshika kwenye ukingo wa karai, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Mayai mengine hayakuangua, na kifaranga kimoja kilitoka na kufa siku ileile. Vilivyobaki nilivitia matone mimi mwenyewe. Baadaye kazi ikanipeleka kata nyingine. Nilikuwa nampigia mama Shija simu kuliko nilivyopaswa. Nilimuuliza maswali yasiyo ya kitaalamu: wanalala upande gani, nani anatangulia kula, kama yule koo bado anawafunika mbawa hata walipokuwa wakubwa kumzidi. Mwewe alichukua fungu lake walipoanza kutoka nje. Kideri hakikurudi.

Nilirudi Migato mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Uani walikuwepo watetea wenye madoa ya kanga na majogoo wawili wanaogombana. Koo mwenyewe hakuonekana. Mama Shija alinionyesha kwa kidevu kule chumbani, na sikuhitaji kuuliza anafanya nini.

"Mwadila, mayu," alisema mzee Masunga. "Leo mwenye mali ataangalia mali yake, halafu atakula."

Alipomkamata jogoo mmoja nilihakikisha kwanza kwamba mwingine bado yupo, halafu nikamwacha afanye anachotaka.

Chakula kilipoiva tulikaa mimi na mzee tu. Mama Shija alikuwa jikoni na mabinti, ndivyo nyumba ile inavyokula. Mzee akafunua bakuli, akapekua kwa kijiko mpaka akaipata firigisi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na siku akipenda yeye ni ya mgeni wa heshima. Nilisogeza sahani yangu mbele kidogo. Nilikuwa nimeingoja miezi mingi.

Kijiko kikabaki hewani.

"Mama Shija," akaita. "Njoo ukae hapa."

Akaja anafuta mikono, anadhani chumvi imezidi. Mzee akamsogezea kigoda. Akakaa kwenye ukingo kama mtu aliyeitwa ofisini. Mzee akaiweka firigisi kwenye sahani safi na kuisukuma mpaka mbele yake.

"Anza wewe," alisema.

Kule jikoni mabinti walisogea mlangoni kuangalia. Mama Shija aliiangalia ile sahani, kisha akaichukua firigisi kwa vidole na kuila yote, polepole, bila kumkatia mtu. Mzee Masunga alingoja amalize, ndipo akamega ugali.